KADHI MBELE YA SULTANI: NANI ALIMZUIA MTAWALA KATIKA HISTORIA YETU?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu kidogo. Kaa chini, vuta subira, usome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unatuhusu mimi na wewe kuliko mwanzo wake.

Baada ya darsa moja alinijia kijana wa sekondari. Akasema: "Ustadhi, mwalimu wetu wa uraia ametufundisha mihimili mitatu ya dola: Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inahukumu. Akasema fikra hii ni ya Wazungu. Je, sisi Waislamu hatukuwa nayo?" Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja aliyekuwa karibu akamjibu: "Mwanangu, sisi tulikuwa na kila kitu kabla yao!"

Nikawaambia wote wawili wanipe muda. Maana mwalimu ana haki katika jambo moja na mzee ana haki katika jambo jingine, lakini kila mmoja ameacha nusu ya kisa. Leo ninalipa deni hilo.

Tuanze na maana. Mfaransa Montesquieu aliandika mwaka 1748 kwamba uhuru wa watu hupotea pale mtu mmoja, au kundi moja, linapotunga sheria, kuitekeleza na kuhukumu kwayo. Hoja yake si ngumu kuielewa. Ukimpa mtu mmoja kalamu, upanga na mizani, nani atamwambia amekosea? Leo katiba nyingi duniani zimejengwa juu ya hoja hiyo. Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 4, inataja mamlaka hayo matatu na vyombo vyake.

Sasa tuifungue historia yetu, tuone kalamu ilikuwa kwa nani, upanga kwa nani, na mizani kwa nani.

📌 1. MADINA: MTUMISHI WA UMMA ANAULIZWA

Mtume (s.a.w.) aliongoza, alihukumu na alifikisha sheria ya Allah. Vyote vitatu vilikuwa kwake. Lakini yeye alikuwa analindwa kwa wahyi, na akikosea katika ijtihadi wahyi ulikuwa unamsahihisha. Baada yake hakuna mwanadamu mwenye ulinzi huo. Kwa hiyo anayesema "kiongozi wetu naye akusanye kila kitu kama Mtume" amelinganisha visivyolingana.

Na hata katika zama zake (s.a.w.), aliwafundisha watu kwamba mwenye madaraka huhesabiwa. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim mnakuta kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mtu aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu wote, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Swali hilo lina miaka zaidi ya 1,400 na bado lina kazi nyingi.

Na mwanamke wa ukoo mkubwa wa Bani Makhzum alipoiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd (r.a.) amwombee. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akaeleza kwamba waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake mwenyewe asingesalimika na hukumu hiyo.

Akaja Abu Bakr (r.a.). Siku alipopewa bai'a alisimama akawaomba watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Kiongozi wa dola anafungua utawala wake kwa kuwapa raia ruhusa ya kumsahihisha!

Kisha Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyetawala tangu mwaka 13 hadi 23 Hijria. Hapa nataka mkishike kisa kimoja, maana nitakirudia mwishoni. Gavana wake wa Kufa alikuwa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Watu wa Kufa wakamshitaki, mpaka wakasema hajui kusalisha vizuri! Umar akamwita, akamuuliza, akasikia maelezo yake na akaonyesha kwamba anamwamini. Je, aliishia hapo? Hapana. Alimwondoa Sa'd na kumweka mwingine, na akatuma watu waende Kufa waulize msikiti baada ya msikiti. Kila msikiti wakamsifu Sa'd, isipokuwa mtu mmoja katika msikiti wa Bani Abs aliyemtuhumu, na Sa'd akamshitaki kwa Mola wake. Na Umar alipokuwa anakata roho alimtaja Sa'd katika watu sita wa kumchagua khalifa, akasema wazi kwamba hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Umar huyo huyo imepokewa kwamba aligombana na mtu kuhusu farasi aliyemchukua kumjaribu, farasi akapata dosari. Wakamfanya Shurayh kuwa mwamuzi. Shurayh akahukumu dhidi ya Umar: ama ubaki na ulichonunua, au ukirudishe kama ulivyokichukua. Umar hakununa. Alimfanya Shurayh kadhi wa Kufa.

📌 2. KALAMU HAIKUWA MKONONI MWA KHALIFA

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Katika dola za Ulaya za zamani mfalme alikuwa anatunga sheria. Kwetu, sheria ilikuwa ya Allah, na kuifasiri ilikuwa kazi ya wanavyuoni. Khalifa alikuwa na jeshi, kodi na maagizo ya utawala, lakini hakuwa na uwezo wa kuamka asubuhi akabadilisha mirathi au masharti ya ndoa.

Walijaribu? Ndiyo. Katika zama za khalifa al-Mansur wa Bani Abbas, katibu mashuhuri Ibn al-Muqaffa' aliandika waraka akitaka khalifa akusanye hukumu za makadhi zinazogongana, achague anayoiona sawa, na aitangaze iwe sheria moja ya dola. Ukiiangalia kwa jicho la utawala ni rai yenye mantiki. Lakini maana yake ni kwamba kalamu inahamia ikulu. Rai hiyo haikufuatwa.

Imepokewa pia kwamba al-Mansur alitaka Muwatta ya Imam Malik isambazwe katika miji yote na watu walazimishwe kuifuata. Mwandishi gani asingependa kitabu chake kiwe sheria ya dola kubwa kuliko zote za wakati ule? Imam Malik alikataa. Alisema maswahaba walitawanyika katika nchi, na kila watu wamepokea elimu yao, waachwe na waliyo nayo.

Na msidhani Maulamaa hawa walikuwa wanakula raha. Imam Malik alichapwa mijeledi Madina kwa sababu alifundisha kwamba talaka ya aliyelazimishwa haipiti. Watawala walielewa haraka: kama talaka ya kulazimishwa haipiti, basi na bai'a ya kulazimishwa je? Imam Abu Hanifa alipigwa kwa kukataa kazi za serikali tangu zama za Bani Umayya, na alipoitwa na al-Mansur kuwa kadhi akakataa tena, akafungwa. Alifariki mwaka 150 Hijria, na wengi wamepokea kwamba alifia kifungoni.

📌 3. SIKU KHALIFA ALIPOTAKA KUWA MUFTI

Mwaka 218 Hijria (833 Miladia) khalifa al-Ma'mun alimwandikia gavana wake wa Baghdad barua. Aliagiza makadhi na wanavyuoni wa hadithi waitwe mmoja mmoja waulizwe: Qur'ani imeumbwa au haikuumbwa? Anayekataa kusema imeumbwa, hafai kuwa kadhi wala ushahidi wake haukubaliwi mahakamani. Jambo hili linaitwa Mihna, yaani mtihani.

Tazama kilichotokea. Khalifa sasa anaamua itikadi (kalamu), anawaita watu kwa askari (upanga), na anaamua nani ashuhudie mahakamani (mizani). Vitu vitatu katika mkono mmoja.

Wengi walisalimu amri kwa kuogopa. Waliobaki na msimamo walikuwa wachache, miongoni mwao Imam Ahmad bin Hanbal na kijana Muhammad bin Nuh. Walifungwa minyororo wakapelekwa kwa khalifa huko Tarsus. Wakiwa njiani al-Ma'mun akafariki. Muhammad bin Nuh naye akafia safarini katika kurudi. Imam Ahmad akabaki peke yake, akafungwa, na katika zama za al-Mu'tasim akachapwa mijeledi mpaka akazimia. Jibu lake halikubadilika: nileteeni dalili kutoka Kitabu cha Allah au Sunna ya Mtume wake. Alikuwa anawaambia kwamba hata khalifa anatakiwa alete dalili.

Wengine walilipa zaidi. Al-Buwayti, mwanafunzi wa Imam Shafi'i, alifia gerezani Baghdad akiwa na minyororo. Ahmad bin Nasr al-Khuza'i aliuawa mwaka 231 Hijria katika zama za al-Wathiq.

Lakini kuna jambo halisemwi sana kwenye mimbari zetu. Mtu aliyekuwa nguzo kubwa ya Mihna hakuwa jenerali wa jeshi. Alikuwa Ahmad bin Abi Du'ad, kadhi mkuu! Yule aliyetakiwa kuwa ngao ya mdhulumiwa ndiye aliyekuwa anamwambia khalifa amalizane na Imam Ahmad. Jina la mahakama lilikuwepo, na joho la kadhi lilikuwepo, lakini mahakama yenyewe ilikuwa imeshahamia ikulu.

Mihna ilikwisha katika zama za al-Mutawakkil. Hapo Imam Ahmad akaingia mtihani wa pili: khalifa mpya alimpenda, akamtumia mali na kumwita kasri. Imam hakutaka. Aliposikia wanawe wanapokea pesa za khalifa aliona uzito mkubwa. Alijua kwamba mjeledi unaumiza mgongo, lakini bahasha hufunga mdomo.

📌 4. PALE MFUMO ULIPOKUWA DHAIFU

Sasa tuwe wakweli, maana historia tunayoisimulia kwa kujisifu tu haitufundishi kitu.

Ni kweli kwamba tulikuwa na makadhi, na tulikuwa na cheo cha Kadhi Mkuu. Wa kwanza kukishika ni Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, katika zama za Harun al-Rashid. Alimwandikia khalifa kitabu kizima kuhusu kodi na haki za raia, na ndani yake akamkumbusha kwamba ataulizwa juu ya raia wake. Tulikuwa na muhtasibu wa soko aliyekagua mizani na vipimo. Tulikuwa na baraza la madhalim, mahali ambapo raia alileta malalamiko dhidi ya gavana, mtoza kodi au hata kadhi. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alivipanga vyeo hivi vyote katika kitabu chake cha hukumu za utawala, kila kimoja na mipaka yake.

Na al-Mawardi hakuwa mtu wa kuandika tu. Mtawala wa Kibuwayhi Jalal al-Dawla, rafiki yake, alipotaka mwaka 429 Hijria aitwe "Mfalme wa Wafalme", baadhi ya mafakihi waliruhusu. Al-Mawardi alikataa, kisha akajifungia nyumbani akisubiri balaa. Jalal al-Dawla akamwita na kumwambia kwamba kama angekuwa mtu wa kupendelea, angempendelea yeye, kwa hiyo amejua alichosema ni dini.

Ibn al-Athir naye anasimulia kwamba Sultani Nur al-Din Zangi, aliyejenga Damascus nyumba maalumu ya kusikilizia malalamiko ya raia, siku moja alikuwa uwanjani akicheza mpira wa farasi. Akaja mtu na mjumbe wa kadhi: unaitwa mahakamani, una kesi. Sultani akatupa fimbo yake, akaenda, akamwomba kadhi amfanyie kama anavyowafanyia wengine. Haki ikathibiti kuwa ni yake. Hapo ndipo akampa yule mtu ile mali waliyoigombania.

Visa vizuri, masha Allah. Lakini jiulizeni: nani alimteua kadhi? Mtawala. Nani alimfukuza? Mtawala. Askari wa kutekeleza hukumu walikuwa wa nani? Wa mtawala. Baraza la madhalim alikalia nani? Mara nyingi mtawala mwenyewe au waziri wake. Nur al-Din alikwenda mahakamani kwa sababu alimcha Allah. Asingekwenda je, nani angempeleka?

Hapo ndipo mzee wetu alipoacha nusu ya kisa. Msingi wa kwamba mtawala yuko chini ya sheria tulikuwa nao, tena mapema sana. Lakini utaratibu wa kumlazimisha, ambao unafanya kazi hata mtawala akiwa mbaya na kadhi akiwa mwoga, ulikuwa mwembamba. Mara nyingi ulining'inia kwenye moyo wa mtu mmoja shujaa.

📌 5. SULTANI WA MAULAMAA

Na shujaa mkubwa kuliko wote katika mlango huu ni Izz al-Din bin Abd al-Salam (rahimahullah), mwanachuoni wa Kishafi, aliyefariki mwaka 660 Hijria. Watu walimwita Sultani wa Maulamaa.

Alikuwa khatibu wa Damascus. Mwaka 638 Hijria mtawala wa Damascus, al-Salih Ismail, aliwapa Wafaranga wa msalaba ngome za Safad na Shaqif ili wamsaidie kupigana na mpwa wake, Sultani wa Misri. Wakaruhusiwa waingie Damascus kununua silaha. Wauza silaha wakamuuliza Sheikh. Akawaambia ni haramu kuwauzia, maana watawapiga nazo ndugu zenu. Na siku ya Ijumaa akaacha kumwombea dua mtawala katika khutba. Kwa watu wa zama zile, kuliacha jina la mtawala kwenye khutba ni sawa na kusema huna uhalali.

Akafukuzwa kazi, akafungwa. Mjumbe akamjia: busu tu mkono wa Sultani, urudishiwe kila kitu. Akajibu kwamba yeye haridhiki hata Sultani aubusu mkono wake, sembuse yeye aubusu wa Sultani.

Akahamia Misri. Sultani al-Salih Ayyub akampokea, akampa ukhatibu katika msikiti wa Amr bin al-As na ukadhi. Sasa sikilizeni. Dola ile iliendeshwa na maamiri wa Kimamluki: watu walionunuliwa wakiwa watumwa kwa mali ya Baitul Maal, wakafunzwa vita, wakawa majenerali. Mmoja wao alikuwa naibu wa Sultani. Sheikh akaangalia hati akaona hakuna uthibitisho kwamba waliachwa huru kisheria. Akahukumu: hawa bado ni mali ya Baitul Maal. Kuuza kwao, kununua kwao na kuoa kwao hakusihi mpaka wauzwe na waachwe huru kwa njia ya sheria.

Fikiria! Mkuu wa majeshi anaambiwa wewe ni mali ya umma, utapigwa mnada!

Maamiri wakawaka. Sultani akamwambia Sheikh jambo hili halimhusu. Sheikh hakuitisha maandamano wala hakutukana. Alipakia vitu vyake juu ya punda, akapandisha familia yake juu ya punda mwingine, akatoka Cairo. Al-Subki anasimulia kwamba watu wakamfuata: wanavyuoni, wafanyabiashara, wanawake na watoto. Sultani akaambiwa: huyu akiondoka, ufalme wako umeondoka naye. Akapanda mnyama wake akamkimbilia, akamrudisha kwa sharti la Sheikh. Naibu wa Sultani alimfuata nyumbani na upanga mkononi, lakini alipomwona mkono ukamtetemeka, upanga ukaanguka, akalia na kumwomba dua. Maamiri wakanadiwa mmoja mmoja kwa bei ya juu, fedha zikaingia katika maslahi ya umma, nao wakaachwa huru.

Kisha wakaja Watatari. Baghdad ilianguka mwaka 656 Hijria (1258). Mwaka uliofuata Qutuz akataka kutoza watu kodi ya vita. Akaulizwa Sheikh Izz. Nani asingesema "toza, adui yuko mlangoni"? Lakini Sheikh aliweka sharti: kwanza Baitul Maal iwe haina kitu, na maamiri watoe mikanda yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani, kila askari abaki na farasi na silaha yake, mpaka wawe sawa na raia wa kawaida. Hapo ndipo mnaweza kuchukua kwa wananchi. Tarehe 25 Ramadhani mwaka 658, Septemba 1260, jeshi hilo liliwashinda Watatari Ayn Jalut.

Haya ndiyo tunayoyaita leo bunge kuidhinisha bajeti. Serikali haitozi mpaka iulizwe: vyenu wenyewe mmevipeleka wapi?

📌 6. KWA NINI WALIWEZA KUSEMA?

Tusidhani ni ushujaa tu. Palikuwa na kitu chini ya ushujaa: waqfu. Misikiti, madrasa, hospitali na chakula cha wanafunzi vilitegemea mashamba, maduka na nyumba zilizowekwa wakfu. Fedha hizo hazikupitia hazina ya mtawala, na mkataba wa waqfu ulilindwa na kadhi. Mwanachuoni aliyekula waqfu aliweza kumwambia Sultani hapana, na jioni watoto wake wakala. Hata hivyo waqfu nao haukuwa salama siku zote, maana watawala wengi ndio waliokuwa waweka wakfu wakubwa, na wengine waliula.

Karne ya 19 mambo yakageuka kwa kasi. Misri, Muhammad Ali akazichukua ardhi nyingi za waqfu. Istanbul, Sultani Mahmud II akaweka idara ya dola kusimamia waqfu mwaka 1826. Mwanachuoni akawa mwajiriwa anayesubiri mshahara. Basi Waislamu walioona mbali wakatafuta kizuizi kipya. Tunis ikatoa katiba mwaka 1861. Khayr al-Din wa Tunis akaandika kitabu mwaka 1867 akieleza kwamba kumwekea mtawala mipaka kwa mabaraza na sheria ni kitu kinachoafikiana na sharia. Wauthmaniya wakatangaza katiba mwaka 1876, na Sultani Abdulhamid II akalifunga bunge mwaka 1878, likabaki limefungwa miaka 30.

📌 7. NA HUKU KWETU PWANI

Msidhani hayo ni ya Baghdad na Cairo tu. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, baba wa Sheikh al-Amin Mazrui, alifungwa na Sultani Barghash wa Zanzibar kwa sababu ya mafundisho yake. Alitoka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Mtawala aliyejenga kasri na kuleta maji mjini ni huyo huyo aliyeweza kumfunga mwanachuoni kwa neno lake. Hapakuwa na mahakama ya kumuuliza kwa nini.

Leo Kenya, mahakama za makadhi zimo ndani ya Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 170, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Na nchi hiyo hiyo, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, na uchaguzi ukarudiwa. Uwe ulimpenda nani, hilo si somo langu. Somo langu ni kwamba majaji hawakuhitaji kupanda punda na kutoka Nairobi ili hukumu yao ifuatwe.

📌 8. TURUDI MSIKITINI KWETU

Sasa nakuja kwenye sababu iliyonifanya niandike.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika kamati ya msikiti mmoja. Sitautaja. Tulikuwa na mzee mmoja mcha Mungu, mtu wa safu ya kwanza. Yeye alikuwa mwenyekiti, yeye alikuwa na ufunguo wa sanduku, yeye aliandika hesabu, na mwenye malalamiko alipeleka kwake. Kijana mmoja akapendekeza sanduku lifunguliwe na watu wawili, na hesabu zisomwe kila baada ya miezi mitatu. Nani alimpinga? Mimi. Nilisimama nikasema: "Huyu ni mzee wetu, kumkagua ni kumvunjia heshima." Watu wakaitikia.

Tukachangisha pesa za kuezeka. Bati zilipoletwa, watu wakahesabu kwa macho wakaona ni chache. Minong'ono ikaanza. Mzee alisema bei ilipanda, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakukuwa na risiti zilizokaguliwa, hakukuwa na mtu wa pili aliyeshuhudia, hakukuwa na mahali pa kupeleka swali ila kwake mwenyewe. Akafariki na minong'ono ikiwa hai. Mpaka leo wanawe wakipita, wapo wanaoangaliana.

Ndugu zangu, ninaamini mzee yule hakuiba. Na mimi, kwa kudai ninamheshimu, nilimnyima kitu pekee ambacho kingemlinda. Umar (r.a.) alipotuma watu waulize msikiti baada ya msikiti hakumvunjia heshima Sa'd. Uchunguzi ule ndio ulioyaweka maneno ya mshitaki peke yake, na sifa za Kufa nzima upande wa Sa'd. Umar akaweza kufa akimsafisha kwa ushahidi. Mimi mzee wangu nimeshindwa kumsafisha, kwa sababu ushahidi hatukuutafuta alipokuwa hai. Ninamwombea msamaha, na ninauomba wangu kwa Allah.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana: Montesquieu hakutufundisha kwamba dhulma ni mbaya wala kwamba mkubwa yuko chini ya sheria. Hilo tulilisikia kwenye mimbari ya Madina. Na jibu langu kwa mzee: kulijua si kulijengea nyumba. Tukikaa tukimsubiri Izz bin Abd al-Salam azaliwe mtaani kwetu, tutasubiri sana. Utaratibu mzuri ni ule unaomwezesha hata mtu mwoga kutenda haki.

Anza palipo na uwezo wako. Katika msikiti wako, madrasa yako, chama chenu cha kufa na kuzikana:

✅ Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika hesabu.
✅ Sanduku lifunguliwe na watu wawili au zaidi, na kiasi kisomwe mbele ya waumini.
✅ Malalamiko dhidi ya kiongozi yasikilizwe na wasio chini yake.
✅ Imamu asitishiwe posho yake kwa sababu ya khutba. Mtafutieni chanzo cha riziki kisicho mfukoni mwa mtu mmoja.
✅ Na wewe ukiwa ndiye kiongozi, omba ukaguliwe kabla hujaambiwa.

Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu, na katika aya ya 135 akatuamrisha kuisimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Uadilifu dhidi ya nafsi yako ni mgumu. Ndiyo maana tunahitaji mtu mwingine ashike mizani.

Ewe Allah, warehemu Maulamaa wetu waliosema haki na wakaumia. Wasamehe watu wema tuliowaacha bila ulinzi kwa kuogopa kuuliza. Tujaalie viongozi wanaopenda kuulizwa, na raia wanaouliza kwa adabu. Aamin.

Nilichosema sawa ni kwa taufiki ya Allah, na nilichokosea ni kutoka kwangu na Shetani. Wallahu a'lam.

Mfikishie somo hili mwenyekiti wa msikiti wako, kwa upole.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.